Mafuta ya Gari, Mafuta ya Mwili: Tunajibu Maswali Yenu Kuhusu Unene

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: je, injini, swichi na magurudumu vinavyoturahisishia maisha ndivyo vinavyotunenepesha? Tumechagua zile zinazogusa wasomaji wengi. Pale maswali yalipofanana tumeyaunganisha.

Ndugu wahariri, kila siku nasikia kwamba gari linanenepesha. Gari si chakula. Naomba mnieleze kwa hesabu, si kwa mahubiri.

Hesabu ipo, ndugu msomaji, na inaanzia kwenye lugha yetu wenyewe. Kiswahili kinakiita kilicho kwenye tangi mafuta, na kilicho chini ya ngozi nacho mafuta. Vyote viwili ni akiba ya nishati, na ukivipima vinakaribiana kwa namna ya kushangaza. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kilokalori 7,600 hadi 8,000 hivi. Kilo moja ya mafuta ya mwilini huhifadhi kama kilokalori 7,700. (Mafuta matupu yana kilokalori 9 kwa gramu, lakini tishu inayoyabeba ina maji na protini pia, ndiyo maana kilo haifiki 9,000.)

Chukua gari dogo linalokula lita 8 kwa kilomita 100. Kila kilomita linachoma zaidi ya kilokalori 600. Mtu wa kilo 70 akiikata kilomita hiyo kwa miguu hutumia kama 50. Injini inahitaji mara 12 kwa sababu inasukuma tani nzima ya chuma ili kumsogeza mtu mmoja, na sehemu kubwa ya nishati yake hupotea kama joto. Lakini zinazokuhusu wewe ni zile 50. Zilikuwa kazi ya miguu yako. Injini imezibeba, na tumbo halikupewa taarifa. Wakati wa kula linadai kilekile.

Sasa tuipeleke hesabu kwenye siku ya kawaida. Mtu aliyekaa kimya hutumia takribani kilokalori 1 kwa kila kilo ya mwili wake kwa saa. Abiria ndani ya gari hutumia 1.3, na anayetembea kilomita 5 kwa saa hutumia 3.5. Kwa mtu wa kilo 70, nusu saa ya kutembea ni kilokalori 122 na nusu saa ya kuketi garini ni 45. Tofauti ni 77. Kwenda na kurudi ni 154, na kwa siku 5 za kazi ni 770.

Hapo ndipo wengi hukosea. Hugawa 7,700 kwa 770 na kutangaza kwamba gari huongeza kilo moja kila baada ya wiki 10, milele. Mwili haufanyi kazi kama ghala. Ukiongezeka uzito, unahitaji nishati zaidi ya kuubeba na kuulisha mwili huo, mpaka pande mbili zinalingana tena na mzani unasimama. Mwaka 2011 Kevin Hall na wenzake nchini Marekani walitoa kanuni iliyo karibu zaidi na ukweli: kila badiliko la kudumu la kilokalori 24 kwa siku katika chakula huishia kwenye badiliko la kilo 1 ya uzito. Nusu yake hutokea ndani ya mwaka mmoja na karibu yote ndani ya miaka 3. Tukiitumia kanuni hiyo kwa upande wa matumizi pia, zile 770 za wiki ni 110 kwa siku, yaani kilo 4 na nusu hivi. Hicho ni kikomo cha kwenye karatasi, kwa mtu ambaye hakubadilisha kitu kingine chochote. Lakini kilo 4 na nusu zinatosha kuhamisha tundu la mkanda.

Takwimu za watu halisi zinaelekea hukohuko. Nchini China, kati ya mwaka 1989 na 1997, wanaume ambao kaya zao zilipata chombo cha moto waliongezeka kilo 1.8 zaidi ya wale ambao hawakupata. Huko Atlanta, Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta kwamba kila saa ya ziada garini kwa siku iliambatana na ongezeko la asilimia 6 la uwezekano wa mtu kuwa na unene uliokithiri, na kila kilomita ya ziada kwa miguu iliambatana na upungufu wa asilimia 4.8. Tafiti za namna hii haziwezi peke yake kuthibitisha chanzo, maana anayependa kutembea huenda pia huchagua kuishi mahali panapotembeleka. Ila zikisomwa pamoja na hesabu ya nishati, hatuoni sababu ya kuzipuuza.

Mimi ni dereva, nashika usukani hadi saa 10 kwa siku. Sili kupita kiasi, lakini kitambi hakiachi kukua. Nifanye nini na kazi siwezi kuacha?

Kaka, kazi yako ndiyo iliyofungua macho ya wanasayansi. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Makondakta, ambao kutwa nzima walipanda na kushuka ngazi za basi wakikata tiketi, walipata maradhi ya moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva waliokaa. Mwaka 1956 wakarudi kutazama vipimo vya sare, na wakakuta suruali za madereva zina viuno vipana zaidi. Basi moja, barabara ileile. Mmoja anabebwa na injini, mwingine anapanda ngazi.

Anza kwa kupima kiuno, si uzito, kwa sababu mafuta yanayozunguka ini na utumbo ndiyo hatari zaidi. Simama, tafuta ubavu wa mwisho chini na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, weka utepe katikati yake ukiwa sambamba na sakafu. Toa pumzi kwa kawaida, kisha soma. Usivute tumbo ndani. Kwa mwanamume, kuanzia sentimita 94 hatari imeanza na kupita 102 ni kubwa. Kwa mwanamke ni 80 na 88. Ukisahau namba hizo, kumbuka kwamba kiuno kisizidi nusu ya urefu wako.

Kisha vunja ukaaji. Misuli ya mapaja ndiyo mikubwa kuliko yote mwilini, na ikilala saa nyingi huacha kuvuta sukari na mafuta kutoka kwenye damu kwa kasi yake ya kawaida. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2012, watu wazima wanene waliosimama na kutembea dakika 2 kila baada ya dakika 20 walipunguza kupanda kwa sukari baada ya mlo kwa takribani robo, na huo ulikuwa mwendo wa polepole tu. Wewe huwezi kusimama kila dakika 20. Basi weka kituo kila baada ya saa 2: zima injini, funga breki ya mkono, shuka, tembea dakika 10 hadi 15 mbali na chombo. Kulizunguka gari mara moja na kupanda hakutoshi. Ukingoja kupakia au kushusha mzigo, ngojea umesimama chini. Vituo vinne kwa siku vinakupa dakika 40 hadi 60, na hizo tayari ni zaidi ya kiwango cha chini kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, yaani dakika 150 kwa wiki.

La pili ni chupa iliyo pembeni ya kiti. Nusu lita ya soda yenye sukari hubeba zaidi ya gramu 50 za sukari, yaani kilokalori 200 na ushei. Chupa mbili kwa siku ni zaidi ya 400, na mtu wa kilo 70 angehitaji zaidi ya saa 1 na nusu za kutembea kuzifuta. Watu wengi wanaosema hawali sana husema kweli. Kalori zao wanazinywa. Weka maji. Usingizi ukikubana, dawa yake ni kusimama na kulala dakika 20, kwa sababu sukari huamsha kidogo na kukuacha umechoka zaidi.

Jambo moja la mwisho, na tunalisisitiza. Ukiwa unakoroma kwa nguvu, mwenzako anasema pumzi hukatika usiku, na mchana unasinzia, nenda ukapimwe haraka. Kukatika kwa pumzi usingizini huambatana na unene wa shingo na kiuno, na kwa dereva ni hatari kwake na kwa kila aliye barabarani.

Nina mashine ya kufulia, kazini kuna lifti, televisheni ina rimoti. Je, vitu vidogo hivi kweli vina uzito wowote?

Kimoja kimoja, kidogo sana. Dada, tusidanganyane. Kupanda ngazi kunamgharimu mtu wa kilo 70 kama kilokalori 0.15 kwa kila kidaraja, na kushuka 0.05. Ghorofa moja yenye vidaraja 16, kupanda na kushuka, ni kilokalori 3 tu. Rimoti hata haistahili kuhesabiwa.

Vikijumlishwa, picha hubadilika. Watafiti wa Marekani mwaka 2003 walilinganisha kuosha vyombo na kufua kwa mikono, kupanda ngazi na kwenda kazini kwa miguu, dhidi ya kufanya hayohayo kwa mashine, lifti na gari. Tofauti ya jumla ilikuwa kilokalori 111 kwa siku. Na kazi zenyewe zimebadilika: nchini humo mwanzoni mwa miaka ya 1960 karibu nusu ya ajira za sekta binafsi zilidai mwili kufanya kazi ya wastani, lakini kufikia 2011, utafiti mwingine uliohesabu ajira hizo ulipochapishwa, zilikuwa chini ya asilimia 20. Nishati inayotumika kazini ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya kilokalori 100 kwa siku.

Hata hivyo, hatukushauri kurudi kwenye beseni. Kufua kwa mikono kumewamaliza wanawake migongo na muda kwa vizazi vingi, na mashine iliyowapunguzia mzigo huo ni neema. Swali la maana ni saa iliyookolewa imekwenda wapi. Ikiwa imekwenda kwenye kochi, hapo ndipo pa kushika. Ukiichukua nusu yake ukatembea, umekwisha kulipa deni la mashine zote za nyumbani na chenji inabaki.

Lifti ndiyo pekee tungekuomba uiache. Ghorofa 4, mara 3 kwa siku, ni kilokalori 38 hivi, na ngazi hulazimisha moyo na mapaja kufanya kazi ya nguvu kwa sekunde chache, jambo ambalo siku ya ofisini haina mahali pengine. Usianze na zote. Panda ghorofa 2 kwa miguu kisha ingia lifti, na ongeza moja kila wiki.

Nimesoma kwamba Wahadza, ambao hutembea kutwa, hawatumii kalori zaidi ya watu wa ofisini. Ikiwa ni kweli, hadithi yote ya injini na unene si imeanguka?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote tuliyopokea, na tunalipenda. Ndiyo, ni kweli. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadza wa kaskazini mwa Tanzania, wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya. Waliwanywesha maji yaliyowekewa alama za isotopu (atomi nzito kidogo kuliko za kawaida), wakafuatilia alama hizo kwenye mkojo, na hivyo wakapata jumla ya nishati inayotumika kwa siku. Baada ya kuzingatia ukubwa wa mwili, jumla hiyo haikutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya. Maelezo yanayopendekezwa ni kwamba mwili unaofanya kazi nyingi kila siku hubana matumizi kwingine.

Kwa hiyo ile kilo 4 na nusu ya jibu la kwanza isomwe kama dari. Kwa wengi itakuwa pungufu.

Lakini linganisha na jamii nyingine. Waamishi wa Ontario, Kanada, hulima kwa farasi na hawamiliki magari. Walipovishwa vihesabu hatua, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, wanaume walikuwa na wastani wa hatua 18,425 kwa siku na wanawake 14,196. Wenye unene uliokithiri walikuwa asilimia 4 tu, na hawa si watu wa kujinyima: nyama, mayai, mkate na keki vyote vipo mezani kwao.

Kinachounganisha matokeo haya mawili, kwa maoni yetu, ni njaa yenyewe. Mwaka 1956 Jean Mayer na wenzake walichunguza wafanyakazi wa kiwanda cha jute (nyuzi za kufumia magunia) huko Bengal ya Magharibi, India. Kuanzia wenye kazi nyepesi hadi wenye kazi ngumu, chakula kiliongezeka kadiri kazi ilivyoongezeka na uzito haukupanda. Ila wale wa kukaa tu, badala ya kula pungufu, walikula zaidi na walikuwa wazito zaidi. Mwili unaotembea hujua kiasi chake. Ukishuka chini ya kiwango fulani cha kazi, kipimo hicho cha ndani kinapoteza usahihi. Gari basi halituondolei kilokalori 50 kwa kilomita peke yake. Linatuteremsha mpaka mahali ambapo tumbo halisemi tena kweli.

Na injini ina mkono wa pili, ulioshika sahani. Mbolea ya nitrojeni ya viwandani hutengenezwa kwa njia ya Fritz Haber na Carl Bosch, iliyoanza kutumika kiwandani Ujerumani mwaka 1913, na leo sehemu kubwa yake hutumia gesi asilia. Trekta linalima kwa dizeli, malori na majokofu yanasafirisha. Hayo yamewaokoa watu wengi na njaa na hatuyalaani. Yamefanya pia sukari, unga mweupe na mafuta ya kupikia kuwa rahisi kupita kiasi, na viwanda hugeuza vitu hivyo kuwa vyakula laini vinavyoteremka upesi. Kevin Hall yuleyule, mwaka 2019, aliwaweka watu 20 wodini. Wiki 2 walipewa vyakula vilivyosindikwa sana, na wiki 2 nyingine vyakula visivyosindikwa, milo ikiwa na kalori, sukari, mafuta na nyuzinyuzi zinazolingana, na kila mmoja akaachwa ale atakavyo. Kwa vyakula vya kiwandani walikula kilokalori 500 hivi zaidi kila siku na kuongezeka kilo 0.9. Kwa vile vingine walipungua kiasi hichohicho.

Linganisha 500 hizo na zile 110 za gari. Anayetaka kupungua aanze na sahani na chupa. Anayetaka asirudi alikotoka ashike pia miguu.

Hatua 10,000 kwa siku ni lazima?

Hapana. Namba hiyo ilitokana na kihesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Tafiti kubwa za miaka ya karibuni zinaonyesha kwamba kwa walio chini ya miaka 60 manufaa ya kuishi muda mrefu hupanda hadi hatua 8,000 au 10,000 hivi, na kwa wenye 60 na kuendelea hadi 6,000 au 8,000. Hesabu hatua zako za wiki moja bila kubadilisha chochote, kisha ongeza 1,000 kwa siku. Elfu moja ni kama dakika 10.

Mwanangu ana miaka 8 na shule iko kilomita 2. Kila asubuhi nampeleka kwa gari kwa sababu naogopa barabara. Nifanyeje?

Mama, hofu yako ni ya haki, na hatutaki uipuuze. Mtoto wa umri huo bado hawezi kukadiria vizuri kasi ya gari linalokuja, hivyo asivuke barabara kubwa peke yake. Lakini tazama hesabu: kilomita 2 kwa mwendo wa mtoto ni nusu saa. Kwenda na kurudi ni saa nzima, na dakika 60 kwa siku ndicho kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa watoto wa miaka 5 hadi 17. Safari ya shule peke yake inakimaliza.

Tembea naye njia hiyo siku ya mapumziko, kisha wewe uirudie saa ileile ya asubuhi ya shule, kwa sababu barabara ya mapumziko si barabara ya siku ya kazi. Andika kila mahali pa kuvuka. Chagua njia yenye mivuko michache hata ikiwa ndefu zaidi. Ukiona haifai yote, endesha hadi mahali salama umbali wa mita 500 au 800, egesha, mmalizie kwa miguu.

Wazazi wakiwa kadhaa, undeni msafara: mtu mzima mmoja mbele, mmoja nyuma, vituo na saa zinazojulikana. Mtu mzima 1 kwa watoto 6 ni kiasi kizuri. Kwa wadogo wa miaka 4 hadi 6, awe 1 kwa watoto 3. Misafara hii mara nyingi hufa kwa sababu mzazi mmoja mwenye moyo huachiwa kila kitu, kisha anachoka. Anzeni na siku 2 kwa wiki na zamu iliyoandikwa, pamoja na jina la akiba kwa kila siku. Begi lisizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mtoto; mtoto wa kilo 25 asibebe zaidi ya kilo 3 na nusu. Na vazi liwe la rangi inayoonekana mbali.

Mafuta yakipanda bei au kuadimika, si tutapungua wenyewe?

Kuba ilipitia hayo. Umoja wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, mafuta yaliyokuwa yakitoka huko yalikatika. Serikali ikagawa baiskeli zaidi ya milioni moja, watu wakatembea na kulima kwa mikono, na chakula nacho kikapungua. Katika miaka 4 hadi 5 watu wazima walipungua wastani wa kilo 5.5, na baadaye vifo vya kisukari na moyo vikashuka. Uchumi ulipopata nafuu baada ya 1995 uzito ulirudi, na kufikia 2010 ulikuwa umepanda kwa wastani wa kilo 9.

Ila ile ilikuwa njaa pia. Mwaka 1992 na 1993 zaidi ya watu 50,000 walipata ugonjwa wa neva, wengine wakipungukiwa na uwezo wa kuona, na upungufu wa lishe ulikuwa sehemu kubwa ya chanzo. Hakuna wa kuutamani mtihani huo. Cha kuchukua ni kwamba miguu ya taifa zima ilirudi kazini ndani ya miaka michache, na kwamba barabara zilipojaa magari tena faida haikubaki.

Naenda jimu mara 3 kwa wiki, kwa gari, dakika 45 kila mara. Siku nyingine nakaa ofisini. Mbona sipungui?

Dakika 135 kwa wiki ni nzuri kwa moyo lakini ziko chini ya 150, na saa zako nyingine zote zimekaa. James Levine na wenzake, mwaka 2005, walikuta kwamba watu wanene walikaa saa 2 zaidi kwa siku kuliko wembamba, tofauti inayoweza kufikia kilokalori 350, na hiyo haikuhusiana na mazoezi rasmi hata kidogo. Angalia pia unachokunywa baada ya jimu, na kama jioni ya mazoezi unajilaza zaidi kuliko kawaida. Hivyo viwili humeza nusu ya kazi bila kuonekana. Anayeketi zaidi ya saa 8 anahitaji dakika 60 hadi 75 za mwendo wa wastani kila siku ili kufuta hatari ya ukaaji huo. Ndivyo ilivyoonekana mwaka 2016 kwa kuunganisha takwimu za watu zaidi ya milioni moja. Huwezi kuzipata zote jimu. Ikiwa jimu iko ndani ya kilomita 2, nenda kwa miguu, na tayari umeongeza dakika 50 kwa kila siku ya mazoezi.

Nina miaka 58, kilo 104, urefu mita 1.66, magoti yanauma, na nina kisukari. Je, naweza kuanza? Na baiskeli ya umeme ni mazoezi au ni udanganyifu?

Unaweza, mzee wetu, ila kwa mpangilio. Gawa 104 kwa 1.66 mara 1.66 na unapata 37.7; katika kipimo hiki cha uzito kwa urefu (BMI), kuanzia 30 ni unene uliokithiri. Habari njema kwa goti ni kwamba kila kilo moja unayopunguza huliondolea goti mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua.

Wiki 2 za kwanza tembea dakika 10 baada ya milo miwili mikubwa, mahali tambarare. Mwendo sahihi ni ule unaoweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Kila wiki ongeza dakika 5 kwa siku, kwa sharti moja: asubuhi inayofuata goti lisiume kuliko lilivyouma kabla. Likiuma zaidi, rudi kiwango cha wiki iliyopita, usiache kabisa. Kiatu kiache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu, na kinunue jioni wakati mguu umevimba kidogo. Mapaja yakisuguana, paka mafuta ya mgando au vaa kaptula ya kubana ndani. Malengelenge na michubuko huwarudisha watu wengi nyumbani kabla hata goti halijalalamika.

Baiskeli ya umeme ni mazoezi ya kweli, mradi motor inasaidia pale tu unapokanyaga pedali. Ile yenye kikaba cha kuzungusha mkononi, unayoweza kuendesha bila kukanyaga, ni pikipiki ndogo. Weka msaada kwenye kiwango cha chini kabisa kinachokuwezesha kuendelea kukanyaga, na upandishe kwenye vilima tu. Tandiko lirekebishwe hivi: kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, goti liwe limenyooka, ukihamishia sehemu ya mbele ya unyayo kwenye pedali, goti litabaki limekunjika kidogo. Likiuma mbele, tandiko liko chini mno. Likiuma nyuma, liko juu mno. Kwa uzito wako jaza upepo karibu na kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni mwa tairi.

Kabla ya yote, mwone daktari wako, hasa ukitumia insulini au vidonge vinavyoweza kuteremsha sukari chini mno, kwa sababu misuli inayofanya kazi huvuta sukari na dozi huenda ikahitaji kupunguzwa. Kagua nyayo zako kila jioni kama kuna kidonda usichokihisi. Mfukoni beba gramu 15 za sukari, kama vijiko vya chai 3 au 4. Ukitetemeka, ukitoka jasho la baridi au ukichanganyikiwa, simama, ule zote, pima baada ya dakika 15, na rudia kama bado iko chini. Maumivu ya kifua au pumzi kukatika usivyotarajia si jambo la kusubiri dakika hizo 15: keti chini na uombe kupelekwa hospitali papo hapo.